Miezi saba ya kuchagua albamu moja ya P-Funk

Nyumbani Tanzania ukitaja P-Funk, watu wa rika langu wanamfikiria Majani, mtayarishaji wa Bongo Records aliyepika nyimbo nyingi za bongo fleva tulizokua nazo. Mimi hapa nazungumzia P-Funk wa Marekani, kundi la George Clinton lililorekodi kwa majina mawili, Parliament na Funkadelic, kuanzia 1970 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Mwaka jana, huku Ohio ninakoishi, nilikuwa katibu wa watu tisa tuliotaka kukubaliana juu ya albamu moja tu, ile tunayoipenda kuliko zote. Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Ikala miezi saba. Rafiki mmoja alinuna akaondoka, mimi nikapoteza dola 44 kwa uzembe wangu, na mwisho nikajikuta napiga simu Tanga kumtafuta mtu ambaye nilikuwa namkwepa kwa zaidi ya miaka thelathini.

Naandika kwa sababu najua wapo wengine wenye vikundi vya namna hii, wawe wanapenda funk, taarabu au rumba, na siku moja watataka kupiga kura kama sisi. Makosa yetu yanaepukika.

Wengi wetu tulifahamiana kazini, kwenye ghala. Mzee mmoja, dereva wa foklifti, ndiye aliyetukusanya. Kila Jumamosi alifungua gereji yake, akaweka viti vya plastiki, akapiga santuri zake. Alikuwa anastaafu mwezi Mei na kuhamia Georgia kwa binti yake. Wenzake tukakubaliana kimyakimya tumpe zawadi ya kumuaga: nakala ya toleo la kwanza ya albamu ambayo kikundi kizima, naye akiwemo, kitakuwa kimeichagua. Yeye alijua kuhusu kura. Habari ya zawadi hakuijua. Wanane tukachanga dola 25 kila mmoja, zikapatikana 200, nikakabidhiwa mimi.

Kura ya kwanza tuliipiga Oktoba, na ilikuwa mbaya. Kila mtu aliandika jina moja kwenye karatasi. Nilipozifungua, Mothership Connection ilikuwa na kura tatu, na albamu nyingine sita zilikuwa na kura moja moja. Nikasimama nikatangaza mshindi. Kinyozi wetu, ambaye aliandika Let's Take It to the Stage ya 1975, akauliza kwa upole ambao ulinitisha kuliko angefoka: "Watu sita kati ya tisa hawakuitaka, halafu unasema tumeichagua?" Sikuwa na jibu. Alichukua koti lake. Hatukumwona tena hadi Desemba.

Kijana wa Mombasa, Mswahili mwenzangu pekee pale, alinivuta pembeni. "Kaka, umeharakisha," akasema. "Hata sheria hatukuweka."

Kweli hatukuweka. Mtu mmoja alikuwa ameuliza kama anaweza kuchagua albamu ya Bootsy's Rubber Band, maana Bootsy Collins ndiye mpiga besi wa Parliament na Clinton mwenyewe alikuwa na mkono katika kazi ile. Mwingine alitaka albamu ya 1977 iliyorekodiwa jukwaani. Wapo waliodai kwamba Parliament na Funkadelic zipigiwe kura mbali mbali. Haya yote niliyapuuza kwa sababu nilitaka tumalize mapema nikalale.

Swali la majina mawili lina historia yake, na ukiikosa utabishana bure. Clinton alianza na kundi la kuimba kwa sauti, The Parliaments, enzi akiwa kinyozi Plainfield, New Jersey. Mwaka 1967 walipata wimbo uliovuma, halafu ukazuka mgogoro na kampuni yao juu ya nani mwenye haki ya jina. Wapiga ala waliokuwa wakiwasindikiza ndio waliosajiliwa kwa jina jipya, Funkadelic, na kampuni ya Westbound ya Detroit, na waimbaji wakaimba humo humo kama wageni. Jina la zamani liliporudi, Clinton akalikata likawa Parliament na kulipeleka kampuni ya Casablanca, na albamu ya kwanza chini ya kampuni hiyo ikatoka 1974. Kwa hiyo watu ni wale wale, ila Funkadelic iliegemea magitaa na kiza, Parliament ikaegemea matarumbeta, vichekesho na hadithi za anga za juu. Tulipolielewa hili, sheria zikaja zenyewe: majina yote mawili yahesabike kundi moja, zichukuliwe albamu za studio tu kuanzia 1970 hadi 1981, na Bootsy abaki na siku yake nyingine. Mzee alisikitika kupoteza ile ya jukwaani. Alikubali, lakini niliona.

Kosa langu kubwa zaidi halikuhusu sheria. Moja ya kura tatu za Mothership Connection ilikuwa yangu, na ilikuwa kura ya uongo.

Mimi niliwajua P-Funk kinyumenyume. Kwanza nilisikia kaseti ya rap ya Dr. Dre nikiwa kidato cha pili, halafu De La Soul, na miaka mingi baadaye ndipo nikagundua midundo ile ilichotwa wapi. Nilipofika Marekani nikaanza kusoma orodha za wataalamu. Mothership Connection iko karibu katika kila orodha, basi nikaiita yangu. Niliisikiliza kazini kwa simu, sikio moja, huku napanga maboksi. Mzee alinifuata baada ya kura, akaketi, akaniuliza: "Upande wa pili unaanza na wimbo gani?"

Nikanyamaza. Ule wimbo jina lake ni refu kama treni ya reli ya kati, mtu akishaliona halisahau. Mimi sikuwahi hata kujua kuna upande wa pili.

Hakunicheka. Alisema tu, "Basi anza upya, ndugu yangu. Sote tuanze upya."

Hivyo ndivyo tulivyobuni utaratibu ambao ningemshauri kila mtu aufuate. Kila mmoja alipendekeza albamu mbili. Nyingi zilifanana, zikabaki kumi na mbili. Tukasikiliza moja kila Jumamosi ya pili, nzima, upande wa kwanza, chai, kisha upande wa pili. Simu zilikaa kwenye kapu la nguo karibu na mlango. Hakuna aliyeongea hadi sindano inyanyuke. Halafu, kabla ya mtu yeyote kufungua mdomo, kila mmoja aliandika sentensi mbili tatu kwenye daftari lake. Hili la kuandika kwanza lilikuwa wazo la mama mmoja anayepiga kinanda kanisani, na nadhani ndilo lililotuokoa. Katika kila kikundi kuna mwenye sauti kubwa. Akisema albamu fulani ni takataka, wapole wanaanza kuitilia shaka mioyoni mwao. Lakini ukiwa umeshaandika kwamba wimbo wa tatu ulikusisimua, unaona haya kujikana.

Na sikilizeni kwenye spika zenye kifua. Sina maana ya spika za bei mbaya. Za Mzee zilikuwa mbili kuukuu, zimekaa sakafuni, kitambaa cha moja kimechanika. Lakini besi ilitoka mle ukaisikia kwenye miguu ya kiti. Nakumbuka Jumamosi ya Funkentelechy vs. the Placebo Syndrome ya 1977, wimbo wa mwisho, Flash Light. Nilikuwa nimewaeleza watu kwa kujiamini kabisa kwamba ile besi inayonguruma ni ya Bootsy. Yule mama wa kanisani akatikisa kichwa. Ile si gitaa, alisema, ni kinanda cha Minimoog, na mpigaji ni Bernie Worrell. Akanyoosha vidole vyake vitano juu ya goti akaonyesha jinsi noti moja inavyotelezeshwa hadi nyingine. Worrell alisomea muziki wa kizungu wa kale katika chuo cha New England Conservatory huko Boston. Mama yule aliizungumzia mikono yake jinsi watu wengine wanavyomzungumzia ndugu wa damu. Worrell alifariki 2016, na mama alipotaja mwaka huo alitulia kidogo.

Niwe mkweli kuhusu nyumbani pia, maana haya hayasemwi. Makava ya Funkadelic si ya kuacha mezani. Kava la Maggot Brain ni kichwa cha mwanamke kimechomoza ardhini, anapiga yowe. Mke wangu aliligeuza likatazama ukuta, kisha akaniambia litoke kabisa kwenye chumba wanachopita watoto. Michoro ya Pedro Bell, aliyeanza na albamu ya 1973, imejaa maajabu, na miili iliyo uchi imo. Mimi naipenda kwa dhati, nadhani yule bwana alikuwa fundi mkubwa. Lakini kama una watoto wadogo au wakwe wanaopita pita, tafuta kabati mapema. Nilichelewa, tukakwaruzana bila sababu.

Kwa kosa la meli nilimwomba Mzee radhi. Parliament walikuwa na chombo cha anga, Mothership, kilichoshushwa jukwaani kwa nyaya huku moshi ukifuka, na Clinton akatokea humo. Kilianza ziara 1976. Mimi nilikuwa nimewapeleka watoto Washington kwenye jumba la makumbusho ya historia na utamaduni wa Wamarekani Weusi, lile lililofunguliwa 2016, tukakiona. Nikamwambia Mzee kwa furaha: "Nimeiona meli uliyoiona wewe." Alikuwa ameiona akiwa kijana wa miaka kumi na sita, yuko mabegani mwa kaka yake. Akanijibu taratibu kwamba ile yake haipo tena. Ilitupwa miaka ya 1980, ikaishia kwenye vyuma chakavu. Iliyoko Washington ni ya pili, iliyojengwa baadaye. Nilijua kava, nilijua tarehe, na nilimgusa mahali panapouma kwa sababu sikuuliza kwanza. Kaka yule, nilikuja kuelewa Januari, alikuwa mwanajeshi aliyerudi kutoka Vietnam, na hakuishi miaka mingi baada ya hapo.

Januari ndiyo ilikuwa zamu ya Cosmic Slop.

Hakuna aliyeitarajia. Iliingia kwenye orodha kwa pendekezo la mtu mmoja tu, na siku hiyo theluji ilikuwa imeanguka, tukawa sita badala ya tisa. Mzee aliitoa santuri kwenye mfuko wake akiishika kwa viganja, bila kidole kugusa mistari, akapitisha brashi yake ya mahameli mara moja, akapuliza. Sindano ikashuka. Kuna wimbo humo wa wanajeshi wanaorudi kutoka vitani, unasemwa kama sala, kwa sauti nzito iliyopunguzwa mwendo. Mzee aliinama wakati wote, akayashika magoti yake. Hatukumwangalia.

Halafu ukaja wimbo wenye jina la albamu. Anaimba Garry Shider. Ni habari ya mama mwenye watoto watano, anayeuza mwili wake ili wale. Usiku mtoto anamsikia analia, anamwomba Mungu asimhukumu kwa ukali, maana yote ni kwa ajili ya watoto. Na chini ya maneno hayo dramu na magitaa vinaenda kama watu wanaocheza sikukuu. Huo ndio ukatili wake na ndio uzuri wake. Mwili wako unataka kucheza, na masikio yako yanasikia jambo gani.

Mimi nilikulia Tanga, Ngamiani, kwenye zile barabara za namba. Nyumba ya tatu kutoka kwetu alikuwepo mama mwenye watoto watano. Mumewe alifanya kazi kwenye shamba la mkonge, kazi ilipokwisha akaenda kutafuta nyingine, hakurudi. Mtoto wake wa pili nilikaa naye dawati moja. Usiku, sisi watoto tukiwa barazani kwa sababu ya joto, tulimwona yule mama akitoka ameshika viatu mkononi. Alivivaa akishafika kona. Nilielewa ukubwani kwamba alivivua ili visigonge sakafu vikawaamsha watoto. Wakati ule tulitunga wimbo. Sitauandika hapa. Niliuimba na mimi, na sauti yangu ilikuwa kubwa.

Pale gereji nilijaribu kuandika sentensi zangu mbili, nikashindwa. Nilichora mstari tu. Watu walipoanza kuzungumza nikasema koo linanisumbua. Nikarudi kuusikiliza wimbo ule peke yangu, ndani ya gari, siku nne mfululizo baada ya kazi. Siku ya tano nikamwandikia binamu yangu aliyeko Tanga, akanipatia namba.

Yule rafiki yangu wa dawatini sasa ni fundi seremala. Tulisalimiana vizuri, tukaulizana watoto. Nikamuuliza mama. Akasema alifariki 2009. Nikampa pole, kisha nikamwambia nilichompigia. Alikaa kimya hadi nikadhani mtandao umekatika. Akasema: "Nilikuwa naijua sauti yako. Nilikuwa ndani, dirisha lile la barazani." Nikamwomba msamaha. Alisema amesikia. Hakusema zaidi, nami sikumlazimisha. Tumeongea mara mbili tangu hapo, habari za mbao na za shule za watoto.

Simweki mtu mwingine kwenye njia hii, na sisemi kila albamu lazima iguse jeraha. Yule wa Motor Booty Affair ya 1978, hadithi ile ya chini ya bahari, aliichagua kwa sababu inamfurahisha tangu mwanzo hadi mwisho, na hiyo ni sababu kamili. Ninachosema ni hiki: sababu yako uijue kabla ya kupiga kura. Mimi Oktoba sikuwa nayo. Nilikuwa na maoni ya watu wengine.

Mjomba wangu wa Dar es Salaam, nilipomsimulia kwa simu juu ya Jumamosi zetu, alikumbuka mwaka 1969, serikali ya Mkoa wa Pwani ilipopiga marufuku muziki wa soul kwenye madansi ya mjini. Yeye alikuwa kijana wa suruali pana. "Nyinyi mnakaa vitini mnaandika madaftari," akaniambia, "sisi tulikuwa tunasikiliza mlango wazi, tayari kukimbia." Nikawasomea wenzangu maneno hayo, wakataka niyarudie.

Aprili tukapiga kura ya pili. Kinyozi alikuwa amerudi, baada ya mimi kwenda dukani kwake kunyolewa na kumwambia kwamba alikuwa sahihi. Safari hii kila mmoja aliandika albamu tatu kwa mpangilio: ya kwanza pointi tatu, ya pili mbili, ya tatu moja. Na karatasi zilifunguliwa na watu wawili pamoja, nisiwe peke yangu.

Mothership Connection ilishikwa namba moja na watu watatu tena, kwa sababu mimi niliihama na kinyozi akahamia. Lakini haikushinda. One Nation Under a Groove ya 1978 ilipata pointi 14, Mothership 12, Maggot Brain 10. One Nation iliwekwa namba moja na mtu mmoja tu. Watano waliiweka namba mbili. Yaani haikuwa kipenzi cha karibu mtu yeyote, lakini karibu kila mtu alikuwa na nafasi nayo moyoni. Tulibishana sana kama huko ndiko kuchagua au ni kupatana. Mimi naona ni vyote, na kwa zawadi ya pamoja ndiyo njia ya haki. Ila kama kikundi chako kinataka kujua ni albamu gani inawaunguza watu, usitumie pointi. Waache waseme mmoja mmoja, wala msihesabu.

Yule mama wa kanisani alitoa sababu niliyoipenda ya ushindi ule. Sisi ni watu wa Ohio, alisema. Junie Morrison, aliyeshiriki kuutunga wimbo wa jina la albamu, alitokea Ohio Players wa Dayton. Bootsy ni wa Cincinnati. Michael Hampton, mpiga gitaa, ni wa Cleveland. Wimbo wenyewe ulikaa wiki sita kileleni mwa chati ya muziki wa Weusi. Tulikuwa tumewapigia kura majirani zetu.

Albamu yangu, Cosmic Slop, ilipata pointi tatu. Zote zilikuwa zangu.

Sasa kuhusu ununuzi, na hapa naomba usome polepole kama unataka kununua santuri za zamani. Toleo la kwanza la One Nation Under a Groove lilitoka na zawadi ndani yake: santuri ndogo ya ziada, na ndani ya hiyo kuna Maggot Brain iliyopigwa jukwaani na Michael Hampton. Ile ya asili ya 1971 ilipigwa na Eddie Hazel. Inasimuliwa kwamba Clinton alimwambia apige kana kwamba ndiyo kwanza ameambiwa mama yake amekufa, na baadaye kwenye kuchanganya sauti akazifuta karibu ala nyingine zote, akabakiza gitaa likilia kwa dakika kumi. Hampton alichukuliwa na kundi akiwa na miaka kumi na saba, baada ya kuupiga ule wimbo mbele yao. Nakala bila ile santuri ndogo ni nzuri kusikiliza, lakini haijakamilika.

Hayo niliyajua. Bado nilinunua kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeweka picha ya kava la mbele peke yake, dola 38 na usafirishaji 6. Sikuuliza. Niliwaambia wenzangu tayari, mzigo unakuja, kamili. Bahasha ilipofika niliingiza mkono nikapapasa hadi kwenye kona ya kava. Hamna. Kwenye karatasi ya ndani palikuwa na mviringo mdogo uliofifia, mahali ile santuri ndogo ilipokaa miaka mingi ikaacha alama. Muuzaji hakuwa ameandika popote kwamba ipo, kwa hiyo hakunidanganya. Nilikaa na aibu hiyo siku mbili, kisha nikawaambia wote kwa mpigo na kurudisha dola 44 kutoka mfukoni kwangu. Ningekuwa nimewaambia siku ya kwanza, kijana wa Mombasa asingekuwa tayari amewatangazia jamaa zake.

Kwa hiyo: omba picha ya kila kipande, mbele, nyuma, ndani, na lebo zote. Omba picha ya herufi zilizochongwa karibu na kitovu, hizo ndizo zinazotambulisha toleo. Uliza kwa maandishi kama imepigwa na kusikilizwa hivi karibuni au imetazamwa tu kwa macho, maana mkwaruzo mwepesi huonekana tishio na usisikike, na santuri inayong'aa inaweza kuwa imeliwa na sindano mbovu. Kava likinuka ukungu, liache, harufu ile itahamia kwenye zako zote. Na pesa ikiwa ya kikundi, nunua dukani unakoweza kuishika. Ya pili nilinunua duka la kawaida, dola 75, mwenye duka akanipigia pande zote na santuri ndogo pia, nimesimama pale.

Zikabaki 125. Tukamnunulia Mzee sindano mpya kwa 90, kwa sababu yule mama alikuwa amesikia kwa miezi kwamba ya zamani inapasua sauti za juu. Thelathini na tano zikawa mabawa ya kuku na soda.

Jumamosi ya mwisho gereji ilikuwa imejaa maboksi ya kuhama. Spika tu ndizo zilikuwa bado hazijafungwa. Mzee alifungua karatasi ya zawadi kwa kisu kidogo, bila kuichana, akalitazama kava, akaingiza mkono ndani moja kwa moja hadi kwenye kona, kama nilivyofanya mimi. Mkono ukatoka na ile santuri ndogo. Akaisogeza karibu na taa akasoma lebo yake, midomo ikitembea.

Alifunga sindano mpya mwenyewe, miwani puani, hakutaka msaada. Akapitisha brashi ya mahameli, akapuliza. Kabla hajaishusha aliniangalia, akasema: "Hii kwanza. Halafu nitaweka ile yako."